Barua ya wazi kwa waandaaji wa mashindano ya hadithi fupi mkoani Tanga

KWA: Waandaaji wa mashindano ya hadithi fupi ya waandishi chipukizi, Mkoa wa Tanga
NAKALA: Maafisa utamaduni wa halmashauri, wakutubi, walimu walezi wa klabu za Kiswahili, na watangazaji mnaosoma hadithi hizo redioni

YAH: UKOMO WA MANENO NA MASHARTI MENGINE

Ndugu zangu,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mchapaji. Nina steshenari ndogo Ngamiani: kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, na printa inayokula karatasi siku ikijisikia. Mashindano yakitangazwa, hadithi nyingi hupita mikononi mwangu kabla hazijafika kwenu. Huja kwenye kaunta buku, kwenye karatasi za mtihani zilizobaki shuleni, kwenye simu, na siku hizi hata kwa sauti ya WhatsApp ("Mama, wewe sikiliza tu uchape"). Sijawahi kuwa jaji na siombi kuwa. Ila nyinyi mnaona kilichobaki baada ya kukatwa, mimi huona na kilichokatwa.

Ombi langu ni moja, mengine ni matawi yake. Ukomo wa maneno mkishautangaza, usimamieni kwa kila mtu, hata kwa aliyeleta hadithi nzuri. Hasa huyo.

Nitaeleza kilichonisukuma. Kulikuwa na mashindano, sitayataja, yaliyosema hadithi isizidi maneno 1,500. Akaja binti mmoja fundi cherehani kutoka Makorora na daftari lake. Hadithi ilihusu mzee aliyekuwa mkata mkonge ujanani, sasa analinda ghala tupu lisilo na singa hata moja, na kila usiku anaandika kwenye kitabu cha zamu kwamba mali iko salama. Nilipomaliza kuchapa, kompyuta ikasoma maneno 2,140. Binti hakulalamika. Alivuta stuli, akakaa ubavuni kwangu, tukaanza kupunguza.

Zilianza kuondoka salamu. Hadithi zetu watu wa pwani zina salamu nyingi mno. Mgeni akibisha hodi tunaandika mpaka shikamoo ya mtoto wa jirani. Ikafuata aya nzima ya jua kuchomoza baharini. Kisha kulikuwa na mjomba aliyekuja kwa basi kutoka Korogwe, akala wali, akatoa nasaha, akarudi kwao. Maneno mia tatu na ushee. Binti alimwangalia yule mjomba kwenye kioo cha kompyuta muda mrefu kabla hajaniambia nimfute. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya neno moja moja: "siku ile ya Jumamosi" ikawa "Jumamosi", "alianza kutembea kuelekea mlangoni" ikawa "alikwenda mlangoni". Tulipofika 1,496 akaisoma kwa sauti, akacheka. "Kumbe mjomba ndiye alikuwa ananizibia njia."

Na kweli. Hadithi ilikuwa imenyooka kuliko ilivyokuja. Ndiyo maana nasema ukomo si adha tu. Mwandishi mchanga haujui mkono wake mpaka abanwe.

Siku ya zawadi nilikwenda. Hadithi iliyoshika nafasi ya kwanza ikasomwa ukumbini. Maneno 1,500 yakisomwa kwa sauti bila haraka huchukua dakika kumi, kumi na mbili. Ile ilikaribia nusu saa, na msomaji aliomba maji. Mwenyekiti wa majaji akasimama, akasema hadithi hii "imevuka ukomo kidogo" lakini uzuri wake umewashinda. Watu wakapiga makofi. Fundi wangu alikuwa kiti cha nyuma yangu. Aliniinamia akauliza, "Kwa hiyo mjomba ningemwacha?"

Sikuwa na la kumjibu, na ndiyo maana barua hii naiandika kwenu.

Sina ugomvi na yule mshindi. Hadithi yake ilikuwa nzuri, nami niliisikiliza mpaka mwisho. Lakini alipewa nafasi mara mbili ya wenzake, na wenzake hawakuambiwa kwamba nafasi hiyo ipo. Mnapolegeza sharti kwa huruma, huwa mnadhani hakuna aliyeumia, kwa sababu aliyeumia hamumwoni: ni yule aliyetii. Kazi yake imefika mezani imekatwa, inalinganishwa na kazi ambayo haikukatwa, halafu taarifa ya majaji inasema hadithi yake "ingeweza kupanuliwa zaidi kwenye uhusika". Ingeweza. Mjomba alikuwepo.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wengi wenu ni watu wa ushairi. Hapa Tanga malenga akileta tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) yenye mshororo wa mizani, yaani silabi, 17 pale panapotakiwa 16, hata kama maneno ni asali tupu, mtamwambia bila kupepesa kwamba shairi lake ni guni, limevunja kanuni. Mtoto wa sekondari anahesabu mizani kwa vidole, nane na nane, na hakuna anayesema tunamnyima uhuru. Ikija nathari, maandishi yasiyo ya ushairi, vidole vinaingia mfukoni. Hadithi iliyovuka ukomo ni guni vilevile.

Dawa yake si kuwaomba majaji wawe na moyo mgumu. Jaji akishaipenda hadithi imekwisha, atatafuta sababu. Dawa ni hadithi iliyozidi isimfikie kabisa. Mteueni karani wa masharti, mtu asiyetoa maksi, azipokee hadithi zote, ahesabu, aondoe zilizovuka, kisha zilizobaki ndizo ziende kwa majaji. Kama mnataka kutoa msamaha wa maneno 50, utangazeni kwenye karatasi ya masharti ili kila mtu autumie. Kuna waandaaji wanaojua moyoni mwao kwamba "1,500" maana yake ni 1,600. Hao wanawazawadia watu wanaofahamiana nao.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe. Acheni kupima kwa kurasa. Naomba kwa herufi kubwa: ACHENI. "Hadithi isizidi kurasa tano" ni sentensi inayonipa riziki na kunipa aibu kwa pamoja. Mteja anasimama nyuma yangu anasema, "Mama, nibanie." Nibanie maana yake punguza fonti, sogeza pembezoni, kaza mistari. Ukurasa mmoja wa A4, fonti 12, mistari ikiachana mara mbili, unabeba maneno kama 250 mpaka 300. Mistari ikibanwa kawaida unabeba kama 500. Nikishuka fonti 10 na kula pembezoni, unazidi hapo. Kwa hiyo kurasa tano zenu ni hadithi ya maneno 1,300 kwa mtu mwaminifu na zaidi ya 2,500 kwa mtu anayejua steshenari ya kwenda. Na kwa aliyeandika kwa mkono kwenye daftari la mistari mipana, ni pungufu ya zote mbili. Mnadhani mmeweka sharti moja, kumbe mmeweka matatu.

Pimeni kwa maneno. Kompyuta yoyote inahesabu, na simu nyingi zenye programu ya kuandikia zinahesabu pia. Semeni wazi kama kichwa cha hadithi kinahesabiwa au la (mimi ningesema hakihesabiwi). Semeni hesabu ni ile ya kompyuta, inayotenga neno kwa nafasi, baada ya tahajia kusahihishwa. Hilo la mwisho nina sababu nalo: kuna kijana aligundua kwamba akigandisha "kwasababu", "kwahiyo" na "namnahiyo" popote zilipo, anaokoa maneno kama arobaini. Nilimpongeza kwa akili, kisha nikazitenganisha. Akahama duka.

Na wanaoandika kwa mkono msiwafukuze. Najua mnachosema, kwamba hadithi zilizochapwa ni rahisi kusoma na kugawa kwa majaji. Ni kweli, na sharti la "lazima ichapwe" linanilipia kodi ya fremu. Lakini mwanafunzi wa Kilindi au wa Mkinga akilipia kuchapa, kuprinti na kutuma kwa basi, hadithi yake imemgharimu kabla haijasomwa, na wapo wanaoishia hapo. Kuhesabu daftari si kazi ngumu: chukua mistari kumi, hesabu maneno yake, gawa kwa kumi, zidisha kwa idadi ya mistari ya ukurasa, kisha kwa idadi ya kurasa. Mkiwa na shaka, hesabuni lote. Zitakazoingia fainali ndizo zichapwe, kwa gharama yenu. Halafu mjiulize kama bado mnahitaji kiingilio, na kama kipo, kinakwenda wapi.

Ukomo uwe mkubwa kiasi gani? Hapa watu hupenda kunakili. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo hupokea hata hadithi za Kiswahili na haitozi kiingilio, imezoea maneno 2,000 hadi 5,000. Tuzo ya Caine, ya hadithi zilizochapishwa kwa Kiingereza, hutaja 3,000 hadi 10,000. Ni vipimo vizuri kwa kazi zao, lakini wao ni tuzo za kimataifa, nyinyi mna walimu wawili na mstaafu mmoja. Fanyeni hesabu. Zikija hadithi 200 za maneno 3,000, ni maneno 600,000. Mtu akisoma maneno 200 kwa dakika bila kupumzika, ni saa 50, na hapo ni kusoma mara moja tu, maksi bado. Kwa ukomo wa 1,500 ni saa 25. Mwalimu huyo ana daftari za Kidato cha Pili zinamsubiri. Saa zikimzidi, hadithi zilizo chini ya rundo zitasomwa aya ya kwanza na ya mwisho, na mwenye hadithi hiyo hatajua kamwe.

Tena Kiswahili chetu hubana. Kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na masharti yake, kwa hiyo maneno 1,500 yetu ni chumba kikubwa kuliko yanavyoonekana kwa aliyezoea kuhesabu Kiingereza. Kwa chipukizi mimi naona 1,500 yanatosha, na 1,000 si kidogo. Wekeni pia sakafu, tuseme 800, kwa sababu kuna wanaoleta utani wa aya tatu na kuuita hadithi.

Muda wa mwisho. Mwaka mmoja karatasi ya masharti ilisema mwisho ni "tarehe 30, saa 11:59". Mnacheka? Wateja wangu nusu walielewa jioni, kabla ya adhana ya Magharibi, wakaja wanakimbia na bodaboda. Nusu walielewa karibu na usiku wa manane, kwa sababu walijua imenakiliwa kutoka karatasi ya Kiingereza bila kugeuzwa saa. Mpokeaji naye alifunga ofisi saa tisa na nusu alasiri. Andikeni saa ya Kiswahili, mseme asubuhi, jioni au usiku, na mseme anayepokea kwa mkono anatoka saa ngapi.

Jina la mwandishi lisiwe juu ya hadithi. Liwe kwenye karatasi ya pembeni pamoja na namba, karani abaki nayo, majaji wapate namba tu. Mji wetu ni mdogo. Jaji akiona jina, anamjua baba yake, anajua msikiti anaosali au kanisa analokwenda, na anajua nani alimwazima baiskeli.

Kuhusu sharti la "Kiswahili sanifu tu", naomba liishie kwenye usimulizi. Mvuvi wa Tongoni akifungua mdomo ndani ya hadithi, aachwe aongee lahaja yake ya Kimtang'ata, na bibi wa Lushoto apenyeze Kisambaa. Nimechapa mazungumzo ya wavuvi waliolazimishwa kuongea kama taarifa ya habari ili mwandishi asikatwe maksi. Samaki wenyewe wangekataa kuvuliwa na watu wale.

Hii ya akili mnemba (AI) mtaamua wenyewe, ila amueni kwa maandishi. Siku hizi mtu ananiletea hadithi aliyoipata kwenye simu dakika tano zilizopita, hajaisoma, anataka niiprinti. Nyingi nazijua kwa kutokuwa na mahali: mji hauna jina, chakula hakina jina, kila mtu anatazama upeo wa macho. Msiposema kitu, karani hatakuwa na mguu wa kusimamia. Vilevile semeni chipukizi ni nani. Mwaka juzi nilichapa hadithi ya mtu mwenye riwaya mbili madukani, akaingia na wanafunzi.

Lipo sharti moja ambalo karibu kila karatasi inalo na hakuna anayelisoma: "Hadithi zote zitakuwa mali ya waandaaji." Zote! Hata zilizoshindwa? Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, aliyeandika ndiye mwenye haki tangu alipoandika, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mtoto wa miaka kumi na sita wa Pangani anaisalimisha kwa kuambatanisha daftari, bila mtu kumweleza wala kumlipa. Kama mnataka kuzitoa kwenye kijitabu au kuzisoma redioni, ombeni ruhusa ya hilo tu, kwa hadithi zilizoshinda, na mwandishi abaki na hadithi yake. Sidhani kama kuna mwandaaji mwenye nia mbaya hapa. Nadhani sentensi ilinakiliwa kutoka karatasi ya mwaka uliotangulia, kama ile saa.

Mtaniambia haya ni mashindano madogo ya kutia moyo, tusiyafanye mahakama. Nimelifikiria hilo. Lakini hawa vijana wanatoka kwenu wanakwenda mbele. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo hiyo ya Jumuiya ya Madola. Huko hakuna mwenyekiti wa kusimama na kusema uzuri umetushinda. Kijana aliyezoea hapa nyumbani kwamba sharti ni pambo la karatasi atatuma kazi ya miezi mitatu, itawekwa kando, na hatapata hata barua ya kumweleza.

Nina neno pia kuhusu siku ya zawadi. Hotuba hufunguliwa kwa kumtaja marehemu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa kwetu, na zinafuata nyingine nne zinazomtaja tena. Punguzeni mbili. Muda huo mwenyekiti wa majaji asome taarifa: zilikuja hadithi ngapi, ngapi ziliondolewa kwa kuzidi, ngapi kwa kuchelewa, na majaji walikuwa nani. Walioondolewa waambiwe sababu, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Kijana akijua alizidi maneno 212, mwaka kesho atakata. Asipojua ataamini kuna upendeleo, na atawaambia wenzake stendi nzima.

Fundi wa Makorora bado anaandika. Alikuja wiki iliyopita kuuliza kama mashindano ya safari hii yametoka na ukomo wake ni upi. Nilimwambia bado. Akauliza, ule wa kwenye karatasi au ule wa kweli?

Karatasi ya masharti ya safari hii mkishaikubaliana, nileteeni. Nitaichapa na kutoa kopi bila malipo, na kijana wangu ataibandika maktaba, soko la Mgandini, stendi ya Kange na kwenye mbao za shule zitakazoruhusu. Kama hamna karani wa kuhesabu, nitahesabu mimi, kwa sharti kwamba hadithi nilizochapa dukani kwangu azihesabu mtu mwingine.

Wenu katika kazi,

Mchapaji,
Ngamiani, Tanga